Kabla Useme Shoo Ilichapa: Hivi Ndivyo Taa za Steji Hucheza na Macho Yako

Cheki hii. Umelipa tiketi ngiri mbili, umepiga luku safi, na wewe na mbogi yako mmefika shoo saa kumi jioni ndio msikose kitu. Msanii wa kwanza, wa hapa kwetu, anaingia. Anaimba bila kukosea, anaruka kila kona, anatoka. Makofi ni ya huruma. Saa nne usiku yule wa kutoka nje anaingia. Hajaimba bado. Amesimama tu katikati ya steji na umati mzima unapiga nduru kama bao la dakika ya tisini. Kesho yake story mtandaoni ni moja: "Wasanii wetu bado sana."

Lakini kweli ulilinganisha wasanii wawili? Ama ulilinganisha jua la saa kumi na taa mia za saa nne?

Hiyo ndio rada ya leo. Wengi wetu tunajua kusikiza shoo. Saundi ikikatika, kila mtu anajua na kila mtu analalamika. Taa zikipangwa vibaya hakuna mtu husema "taa ni mbaya". Husema "msanii amechapa" ama "shoo haikubamba". Yaani taa inaweza kuangusha shoo nzima na lawama iende kwa mtu mwingine kabisa. Ukijifunza kuisoma, utaanza kuona ni nani alifanya kazi yake na ni nani aliachwa kwa giza. Na si lazima uwe fundi. Macho uko nayo tayari.

Usiangalie taa, angalia kitu yenye inagongwa na taa

Mwangaza ukipita hewani hauonekani. Unauona tu ukigonga kitu: uso, ukuta, vumbi, moshi. Ndio maana kabla shoo ianze kuna mashine pembeni inatoa moshi mwepesi, na kuna beshte yako lazima alalamike ati anakohoa. Huo moshi si wa urembo. Bila huo, zile fimbo za rangi zenye hukata hewa juu ya kichwa cha msanii hazingekuwepo. Ungeona tu duara ya rangi kwa sakafu. Shoo ikiwa ya nje na upepo uanze kuvuma, moshi unaenda zake na fimbo zinapotea nao. Usimlaumu msee wa taa hapo. Hajalala, ni upepo umemchezea.

Kwa hivyo sheria ya kwanza ni hii: wachana na taa zenyewe, angalia zinagonga wapi. Promota akikodisha taa hamsini za kuzunguka na hakuna hata moja imefika kwa uso wa msanii, amekodisha mapambo tu.

Fikiria nganya ya Rongai usiku. Ndani kuna zile taa za zambarau, ngoma inadunda, skrini kila mahali. Hizo ni za kukuingiza mood. Lakini ikifika time ya chenji, konda anawasha tochi ya simu, ndio asikupe soo badala ya hamsini. Taa ya mood na taa ya kuonea ni kazi mbili tofauti, na shoo fiti inahitaji zote mbili. Nyingi za hapa huwa na zambarau mob sana na tochi hakuna.

Stima zikipotea, fanya hii test

Siku stima zitapotea kwa mtaa, usikimbilie kulala. Simama mbele ya kioo na tochi ya simu, dakika tano tu, na utajua kitu yenye watu hulipa karo kufundishwa.

Weka tochi chini ya kidevu. Umekuwa jini. Macho yetu yamezoea mwangaza wa kutoka juu, kutoka kwa jua, kwa hivyo ukitoka chini akili inashtuka. Filamu za kutisha zimekula hiyo trick kwa miaka.

Weka tochi juu ya kichwa. Macho yanageuka mashimo mawili, pua inaangusha kivuli mpaka kwa mdomo. Unakaa mtu mpweke, ama mtu anahukumiwa. Ukiona msanii yuko chini ya taa moja ya juu akiimba kuhusu mapenzi yenye yaliisha, ujue si bahati, kuna mtu aliipanga.

Weka mbele, usawa wa macho. Kila kitu kinaonekana, lakini uso unakuwa bapa kama picha ya kitambulisho. Hapo ndio shoo nyingi za chapchap hukwama: taa mbili kubwa mbele, basi.

Weka kando. Shavu, shingo na misuli ya mkono zote zinachongeka. Ndio maana shoo za densi hupenda taa za pembeni, zimewekwa kwa vyuma kuanzia usawa wa goti mpaka juu. Mwili wa dansa unaonekana ukiwa na uzito na umbo.

Mwisho, mpe beshte tochi asimame nyuma yako. Uso umepotea, lakini sasa uko na mstari wa mwangaza kwa nywele na mabega. Taa ya nyuma ndio humtenganisha msanii na giza. Pia ndio hufanya mtu wa kawaida afanane na mungu mdogo. Yule msanii wa saa nne mwenye alisimama tu na watu wakapiga nduru? Mara nyingi ni hii: taa za nyuma, moshi, na kivuli cha mtu.

Huko Marekani kulikuwa na mwalimu wa Yale anaitwa Stanley McCandless. Mwaka wa 1932 alitoa kitabu chenye kilipanga hii hesabu: mgonge mwigizaji na taa mbili, kila moja ikitoka juu na kando kwa nyuzi 45, moja ya rangi ya joto na nyingine ya rangi baridi. Uso unaonekana wote, na bado uko na umbo. Karibu miaka mia imepita na dizaina wa taa bado huanzia hapo kabla ajifanye mjuaji. Ukienda Kenya National Theatre, ile ukumbi imekuwa hapo tangu 1952, fika mapema kidogo. Angalia juu kabla mchezo uanze, uone taa zimelenga wapi. Utajua steji itatumika wapi kabla mwigizaji hata mmoja atoke.

Rangi ya bluu na ngozi yetu

Kwa shule ulichanganya rangi nyekundu na kijani ukapata matope. Kwa mwangaza, nyekundu na kijani inakupa njano. Ongeza bluu, unapata nyeupe. Taa za LED za siku hizi zina vibalbu vidogo vya hizo rangi ndani, na mtu anazichanganya kutoka kwa meza ya taa kama vile DJ anachanganya ngoma. Kitambo haikuwa hivyo. Rangi ilikuwa karatasi ngumu ya plastiki imewekwa mbele ya taa. Ukitaka kuibadilisha, mtu anapanda ngazi. Kundi la Genesis la Uingereza lilipoanza ziara yao ya 1981, walitoka na taa mpya zinaitwa Vari-Lite, zenye zingeweza kugeuka na kubadilisha rangi zenyewe shoo ikiendelea. Kila taa ya kugeuza kichwa yenye umewahi kuona kwa klabu ni mjukuu wa hizo.

Sasa hapa ndio muhimu kwetu. Ukinunua jaketi Gikomba ndani ya kibanda, huwa unafanya nini kwanza? Unaitoa nje kwa jua, ucheki rangi yake ya ukweli. Unajua bila kufundishwa kwamba kitu hakina rangi peke yake. Kinarudisha tu rangi yenye imepewa. Jaketi nyekundu ukiimulika na bluu tupu, itakaa nyeusi, kwa sababu hakuna nyekundu ya kurudisha.

Ngozi ni hivyo hivyo. Ngozi nyeusi hurudisha nyekundu na chungwa kuliko bluu. Ukimsimamisha msanii mweusi kwa bluu nzito peke yake, uso wake unameza karibu kila kitu na hakuna kitu inarudi. Unabaki na meno, macho na cheni. Msanii mweupe kwa bluu hiyo hiyo bado ataonekana kiasi. Na bluu na zambarau ndio rangi zenye hupendwa sana kwa steji zetu. Msee anatoa jasho, anaimba kwa hisia, uso unasema kila kitu, na hakuna mtu anauona. Halafu tunasema hana mvuto.

Hii story ya teknolojia kutosahau watu weupe na kusahau watu weusi ni ya kitambo. Kwa miaka mingi, maabara za picha zilipima rangi kwa kutumia kadi za Kodak zenye zilikuwa na picha ya mwanamke mzungu. Kadi zikabandikwa jina Shirley. Ngozi yake ikitoka poa, mashine iko sawa. Filamu zilikuja kuboreshwa kuonyesha rangi za kahawia, na sehemu ya malalamiko yenye yalisukuma hiyo kitu yalitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa fanicha za mbao. Yaani chokoleti ilisikizwa.

Dawa yake si kuongeza taa ovyo. Ava Berkofsky, mpiga picha wa ile series ya HBO, *Insecure*, aliwahi kueleza 2017 venye walikuwa wanafanya: ngozi inapakwa kitu cha kuipa mng'ao kidogo, halafu mwangaza unapigwa kwa kitu kingine kwanza ndio urudi kwa uso ukiwa mpole. Ngozi nyeusi inang'aa kwa kurudisha, kama mti uliopigwa vanishi. Kwa steji inamaanisha hivi: weka taa za pembeni na za nyuma zitoe huo mng'ao, na mbele weka mwangaza wa joto kiasi, hata kama ni kidogo. Baada ya hapo jaza bluu yako yote huko nyuma, hakuna shida. Bluu kwa hewa na kwa pazia ni tamu. Kwa uso wa msanii wetu, ikiwa peke yake, ni kumfuta.

Na hii ndio sababu video zako za shoo hutoka vibaya. Nyuma ya msanii kuna skrini kubwa ya LED inawaka kama mchana. Simu inaona hiyo skrini, inaamua picha ina mwangaza mwingi, inapunguza kila kitu, na uso unageuka kivuli. Gusa uso wa msanii kwa simu yako kabla urekodi, utaona tofauti. Na ile mistari myeusi yenye hutembea kwa video? LED nyingi hupunguzwa nguvu kwa kuzimwa na kuwashwa haraka sana. Jicho halioni, lakini kamera inashika. Shoo yenye imepangwa kwa ajili ya kamera huwa imerekebisha hiyo kitu mapema.

Muda ndio hutenganisha wakubwa na wadogo

Ngoma inapanda, inapanda, halafu kimya cha nusu sekunde, halafu biti inaanguka. Cheki taa hapo. Zikizimika kabisa kwa hiyo nusu sekunde na zote ziwake na biti, mwili wako unaruka kabla akili ijue. Zikichelewa hata kidogo, unahisi kuna kitu haijakaa poa lakini huwezi sema ni nini.

Msanii wa ziara kubwa huja na shoo imeandikwa. Kila ngoma ina amri zake za taa, mamia ya amri, na mara nyingi kompyuta ya taa imefungwa pamoja na muziki ndio hakuna kuchelewa. Dizaina amekaa na hizo ngoma wiki kadhaa. Anajua ubeti wa pili una pumzi gani.

Shoo ya wasanii kumi kwa steji moja ni kitu kingine. Huyo msee wa taa hajapewa orodha ya ngoma. Pengine hajawahi sikia nusu ya hizo ngoma. Anapiga kwa masikio, kidole kwa kila kitufe, anakisia biti itaanguka lini. Akiwa mkali utadhani alijua. Hiyo ni talanta, na ukiiona ipigie makofi. Akiwa amechoka, utaona mzunguko mmoja wa taa ukirudiwa kutoka kwa msanii wa pili mpaka wa tisa.

Kuna shoo pia zenye taa ndio zinabeba kila kitu. Daft Punk walipofika Coachella 2006, walikuwa wasee wawili ndani ya piramidi, nyuso zimefunikwa na helmeti, wanasonga kidogo tu. Hakuna kucheza, hakuna kuongea na watu. Lakini hiyo piramidi ilikuwa inawaka na kubadilika na muziki, na mpaka leo watu huhesabu hiyo kama moja ya shoo zenye zilibadilisha venye DJ hupanga steji. DJ hana mengi ya kuonyesha na mwili wake. Taa ndio inacheza kwa niaba yake.

Turudi kwa yule msanii wa saa kumi

Jua la mchana likikupiga moja kwa moja ni lux 100,000 hivi. Lux ni kipimo cha mwangaza wenye umefika kwa kitu. Ofisi ya kawaida iko mia tatu mpaka mia tano. Steji yenye imewashwa fiti kabisa ni elfu chache tu. Hakuna taa ya kukodisha itashindana na jua la Nairobi saa kumi. Hata ukiwasha zote, hazionekani. Huku kwetu giza huingia saa kumi na mbili na nusu hivi, Januari mpaka Desemba. Kwa hivyo mwenye amepewa kupanda kabla ya hapo amepewa steji bila taa, hata kama zimening'inia juu yake.

Na hata giza likiingia, kuna hii. Kwa ziara nyingi kubwa duniani ni kawaida msanii wa kufungua kupewa sehemu tu ya taa. Zile kali zinawekewa mkubwa, ndio akiingia ionekane ni kitu kipya. Kibiashara inaeleweka. Lakini wewe kama shabiki ukiwa hujui, unaenda nyumbani na jibu lenye lilipangwa kabla ufike: mkubwa ni moto, wa kufungua ni baridi.

Hapo sasa ndio doo inaingia. Maoni yako ya kesho mtandaoni yanageuka bei. Promota anasoma "wasanii wetu bado sana," anampunguzia msanii wa hapa malipo, anampa tena saa kumi, na mzunguko unaendelea. Simaanishi kila msanii wa hapa ni mkali na taa tu ndio zimemwangusha. Kuna wenye huja bila mazoezi, wanaimba juu ya wimbo wenyewe, na hakuna taa inaweza kuficha hiyo. Ninachosema ni rahisi: kabla uhukumu, toa taa kwa hesabu. Funga macho dakika moja, sikiza sauti peke yake. Halafu fungua, angalia mwili peke yake. Ndio sasa useme.

Kwa maonyesho ya sanaa, giza si uchoyo

Steji ikiisha, hii hesabu bado inakufuata ukiingia kwa makumbusho ama gallery. Umewahi ingia chumba chenye kuna nguo za zamani ama michoro kwa karatasi, ukaona kuna giza, ukadhani wanabana bili ya stima? Hapana. Angalia leso yenye imeanikwa juani kila wiki kwa mwaka. Imepauka. Mwangaza hula rangi, hula nyuzi, na kile umekula haurudishi. Ndio maana miongozo ya makumbusho duniani huweka nguo, karatasi na rangi za maji kwa lux 50 hivi, na michoro ya mafuta kwa 200 hivi. Pia vitu vingine huonyeshwa miezi kadhaa halafu vinarudishwa stoo vikapumzike kwa giza. Kila saa yenye wewe unaangalia, kitu kinalipa.

Kwa hivyo ukitoka jua la nje ukaingia hapo, usipite mbio ukisema haionekani. Simama dakika kadhaa. Macho yanahitaji muda yazoee. Utashangaa venye vitu vinajitokeza kimoja kimoja. Halafu uliza maswali yale yale: taa imetoka wapi? Sanamu imemulikwa kutoka kando ndio uone alama za patasi, ama imepigwa mbele ikawa bapa? Kioo kinakurudishia uso wako mwenyewe badala ya mchoro? Hiyo ya mwisho ni makosa ya pembe, na inatokea hata kwa maukumbi makubwa.

Na kuna wasanii wenye mwangaza ndio mchoro wenyewe. Olafur Eliasson aliweka jua bandia ndani ya Tate Modern, London, kutoka Oktoba 2003 mpaka Machi 2004. Lilikuwa nusu duara ya taa, na dari ya vioo ikalikamilisha likawa duara. Zile taa zilitoa njano ya aina moja tu, kwa hivyo kila rangi nyingine ikafa: nguo nyekundu, nguo ya kijani, zote zikawa njano na nyeusi. Taa zetu za barabarani za zamani, zile za rangi ya chungwa, ni za ukoo huo huo. Ndio maana ukiwa chini yake usiku ni ngumu kutaja rangi ya hoodie ya mtu. Zaidi ya watu milioni mbili walienda. Wengi walilala chini kwa sakafu wakijitafuta kwa vioo vya juu. Hakukuwa na msanii, hakukuwa na ngoma. Taa, ukungu na vioo tu.

Strobo si mchezo

Hii isipite. Taa za kuwakawaka haraka zinaweza kuleta kifafa kwa watu wachache wenye ubongo wao huathirika na mwangaza wa kupigapiga. Desemba 1997, kipindi kimoja cha katuni za Pokémon huko Japani kilikuwa na mwangaza mwekundu na bluu ukibadilishana haraka, na zaidi ya watoto 600 wakapelekwa hospitali. Shoo yenye inatumia strobo inafaa iseme hivyo mlangoni na kwa tiketi. Ukiwa na shida hiyo na zianze ghafla, funika jicho moja kabisa na kiganja, geuka, toka polepole. Kufunga macho tu haitoshi kila wakati, mwangaza unapita kwa ngozi ya jicho. Na ukiona mtu ameanguka, mlinde kichwa, mlaze kwa ubavu ikiisha, usimwekee kitu mdomoni.

Hawa watu wana majina

Broadway huko New York, tuzo za Tony zilianza kutuza dizaina wa taa mwaka wa 1970. Kabla ya hapo, watu kama Jean Rosenthal, mwenye aliwasha *West Side Story* mwaka wa 1957, walikuwa wamepigana miaka mingi hiyo kazi itambulike kama kazi ya ubunifu, si ya fundi wa stima mwenye ametumwa kuwasha swichi. Hapa kwetu poster ya shoo itakuwa na wasanii kumi, DJ watano, MC watatu na wadhamini saba. Mwenye aliamua utaona nini usiku mzima? Hayuko. Anafika asubuhi kabla ya kila mtu, anapanda vyuma, anatoka wa mwisho, na siku yenye kazi yake imekaa vizuri sana ndio hakuna mtu anamkumbuka.

Basi shoo yako ijayo, tumia ngoma mbili za kwanza kucheki hizi:

1. Uso wa msanii unaonekana, ama unaona cheni na meno tu?
2. Taa imetoka pembe gani, na hiyo pembe inakuambia nini kumhusu?
3. Rangi inabadilika ngoma ikibadilika, ama ni mzunguko ule ule?
4. Biti ikianguka, taa ziko nayo ama zimechelewa?
5. Kuna wakati giza limetumika? Mwenye anaogopa kuzima taa hajui kuziwasha.
6. Wa kufungua amepewa taa ngapi, na wa mwisho ngapi?

Halafu geuka nyuma kidogo. Katikati ya umati, karibu na msee wa saundi, kuna mtu ameinamia meza yenye vitufe mingi, uso wake umemulikwa na skrini ndogo. Ngoma yako kali ikianguka na kila kitu kiwake kwa wakati mmoja, huyo ndiye alikushika roho. Mpigie nduru kidogo na yeye.